Tangi la mraba, la duara, la pande nane au la bakuli: lipi litakufikisha vuli?

Tarehe 16 Agosti mama mdogo alinipigia simu kutoka Kibaha kuniambia tangi limekauka. Halikupasuka, na hakuna mtoto aliyeacha koki wazi usiku. Lilijaa hadi likamwaga mwishoni mwa Mei, masika yalipokuwa yanaaga, na nyumba ya watu sita imechota ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu kwa siku, basi. Fundi alimwambia ni tangi la lita 15,000. Kwa lita 120 kwa siku, lita 15,000 ni siku 125, na kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Septemba ni siku 122. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa, mama wa watu. Vuli ingemkuta bado ana maji.

Jumamosi nikaenda na futi kamba. Nje tangi lilikuwa na urefu wa mita 3, upana mita 2.5 na kimo mita 2. Zidisha: 3 × 2.5 × 2 = 15. Mita 15 za ujazo, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Lita 15,000 zilitoka hapo. Fundi hakudanganya kwenye kuzidisha, ila alipima tofali, na maji hayakai ndani ya tofali.

Nikafungua mfuniko, nikashuka. Kuta ni tofali la inchi sita, yaani sentimita 15, pamoja na lipu ya ndani ya sentimita 2.5. Kila ukuta umekula sentimita 17.5, na kuta ziko mbili kila upande. Kwa hiyo urefu wa ndani ni mita 2.65 na upana mita 2.15. Zege la sakafu limechukua sentimita 15, la juu sentimita 10, na bomba la kumwagia maji yanapozidi limewekwa sentimita 5 chini ya zege la juu. Kina cha maji tangi likijaa ni mita 1.70.

2.65 × 2.15 × 1.70 = 9.686

Lita 9,686. Na bado koki imefungwa sentimita 10 juu ya sakafu, ili tope lisitoke na maji. Maji yaliyo chini ya koki, lita 570, hayachoteki. Yanabaki lita 9,116. Gawa kwa 120 upate siku 76 kasoro kama saa moja. Hesabu kutoka Juni mosi: siku ya 76 ni tarehe 15 Agosti, na yeye alinipigia kesho yake asubuhi.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza ajenge tangi la umbo gani, simjibu kabla hatujakaa na kalamu. Maumbo ni machache na hesabu zake ni za darasani, ila darasani tulizikariri bila kuambiwa kwamba siku moja zitaamua kama Agosti utanunua maji ya boza. Hapa ninalinganisha maumbo manne ambayo fundi wa kawaida anaweza kukujengea, na mengine mawili matatu ambayo utakutana nayo ukiwa kwenye shughuli hiyohiyo.

Kipimo cha haki

Ukitaka kulinganisha maumbo, usiulize tu lipi linaingiza maji mengi, kwa sababu tangi kubwa litaingiza mengi kuliko dogo hata likiwa na umbo la kiatu. Wape wote vifaa vilevile. Nimechukua tangi la mama mdogo na kuhesabu eneo lote linalopigwa lipu na niru: sakafu, kuta nne hadi usawa wa maji, na mfuniko. Sakafu na mfuniko ni 2.65 × 2.15 mara mbili, sawa na mita za mraba 11.4. Kuta ni mzingo wa mita 9.6 mara kina cha 1.70, yaani 16.3. Jumla mita za mraba 27.7.

Swali basi ni hili: kwa mita za mraba 27.7 za kazi, karibu saruji ileile na mchanga uleule, kila umbo linakupa lita ngapi?

La mraba, au sanduku

Hesabu yake ndiyo nyepesi kuliko zote: urefu mara upana mara kimo. Darasani huliita mche mstatili, na pande zote zikiwa sawa huitwa mchemraba. Fundi yeyote analijenga. Tofali linanyooka, kona zinapimwa kwa kamba, ukuta unasimamishwa kwa timazi. Tena halipotezi ardhi. Unalibana kwenye pembe ya kiwanja, na kila sentimita ya pembe hiyo inakuwa maji.

Wazee wetu wa Pwani walilijua. Msikiti mkuu wa Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, una kisima na birika lake la kutawadhia, na birika za namna hiyo ziko katika miji mingi ya mawe ya pwani yetu. Visiwani Lamu kuna majabia, pale mvua inapoangukia sakafu pana iliyoinamishwa kidogo, ikatiririka hadi kwenye ghala la maji lililofunikwa.

Kama umeamua sanduku, usilirefushe. Watu wengi wanapenda tangi jembamba kando ya uzio kwa sababu halionekani. Chukua mita zetu 27.7 ujenge tangi la urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 1, kina kilekile cha 1.70. Linaingiza mita za ujazo 7.65. Umetumia saruji ileile ya mama mdogo na umepoteza lita 2,000, siku 17 za familia yake. Ukienda upande mwingine ukalifanya mchemraba kamili, kila upande mita 2.15, unapata 9.93. Faida juu ya lile la mama mdogo ni lita 240 tu. Kwa hiyo likikaribia mraba inatosha, usihangaike kulisawazisha hadi sentimita ya mwisho.

Tatizo la sanduku ni nguvu za maji. Maji yenye kina cha mita 1.70 yanaukandamiza ukuta kule chini kwa tani 1.7 kwa kila mita ya mraba, na yanalegea kadiri unavyopanda hadi kuwa sifuri juu. Kwa ukuta wa mita 2.65, jumla yake ni kama tani 3.8 zinazousukuma ukuta mmoja kwenda nje, mchana na usiku, muda wote tangi likiwa limejaa. Ukuta ulionyooka unajibu kwa kubenuka katikati, na kona ndizo zinazoumia. Ukiona tangi la tofali linavuja, angalia kona kwanza: ufa unaanzia hapo, umesimama wima, na chini yake kuna alama ya chumvi nyeupe. Nondo kwenye kona na mkanda wa zege vinasaidia, lakini hiyo sasa ni gharama iliyozaliwa na umbo.

La duara

Hili ndilo mcheduara, umbo la pipa, la mkebe wa maziwa ya unga, na la matangi ya plastiki unayoyaona juu ya mapaa. Ujazo wake ni eneo la kitako mara kimo, kama sanduku tu, ila kitako ni duara:

pai × nusu kipenyo × nusu kipenyo × kimo

Pai ni 3.14, au 22/7 kama ulivyozoea. Kabla hujaiamini kwa tangi, ijaribu kwa pipa la nyumbani. Pipa la chuma lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 57 lina nusu kipenyo cha mita 0.285. Kimo chake cha ndani kikiwa mita 0.85, hesabu inatoa 3.14 × 0.285 × 0.285 × 0.85, sawa na 0.217. Lita 217 hadi mdomoni. Ndilo hilo tunaloliita pipa la lita 200. Ukitaka uhakika zaidi, lijaze kwa ndoo uhesabu. Nimefanya hivyo na wanafunzi, na hakuna aliyesahau fomula baada ya kubeba ndoo kumi na moja.

Sasa mita zetu 27.7. Tangi la duara lenye nusu kipenyo cha ndani cha mita 1.30 na kina cha mita 2.09 linazitumia zote, na linaingiza mita za ujazo 11.11. Yaani lita 1,400 na ushee zaidi ya sanduku la mama mdogo, kwa lipu ileile. Kwa watu sita hizo ni siku kumi na mbili hivi. Kihesabu, mcheduara hufikia kilele chake pale kimo kinapolingana na kipenyo, ungefika 11.20. Lakini hapo ukuta unakwenda mita 2.43, mama atapanda ngazi kuchungulia maji, na faida ni ndoo nne na nusu. Achana nayo.

Nguvu za maji nazo zinabadilika. Ndani ya duara hakuna kona ya kuonea wala ukuta wa kubenua katikati. Maji yanasukuma pande zote sawasawa na ukuta wote unavutika kama mkanda. Zege na tofali havipendi kuvutwa, chuma kinapenda; ndiyo maana tangi la duara huzungushiwa waya au ringi za nondo, nyingi zaidi kule chini ambako maji yanasukuma kwa nguvu kuliko juu. Ukipata fundi anayejua hilo, tangi lako litakaa miaka bila ufa. Ukimpata asiyejua, atapanga tofali za inchi 18 kuzunguka duara dogo, tofali mbili zigusane kwa ndani na ziachane kwa nje, kisha ajaze nafasi hizo kwa udongo wa saruji. Hapo ndipo faida yako ya saruji inapoyeyukia. Mwambie akate tofali nusu.

Kupima duara kuna mtego mmoja ambao sanduku halina. Nusu kipenyo kinazidishwa mara mbili, kwa hiyo kosa lake linazaa. Ukisoma mita 1.35 mahali pa 1.30, kosa la sentimita tano tu, hesabu inaruka kutoka lita 11,110 hadi karibu 11,980. Lita 870 zimezaliwa kwenye karatasi. Ndiyo sababu mimi sipimi nusu kipenyo moja kwa moja. Nani anajua katikati ya tangi ni wapi? Zungusha kamba nje ya tangi, pima kamba, gawa kwa 3.14 upate kipenyo cha nje, toa unene wa kuta mbili, gawa kwa mbili. Kamba haikosei sana, na kosa likiwepo linagawanyika kwa sita na ushee kabla halijafika kwenye nusu kipenyo.

La pande nane

Hili watu wengi hawalifikirii, na ndilo ninalolipenda. Mtu anayeshuka Kilwa Kisiwani akaenda kwenye magofu ya Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ataona bwawa la kuogea lililojengwa kwa pande nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Sijui fundi wa siku zile alikuwa na lipi moyoni, lakini mtu yeyote mwenye mawe yaliyonyooka anayetaka kulikaribia duara atafika palepale.

Angalia. Kwa eneo moja lilelile la sakafu, mita moja ya mraba, ukuta wa mraba unahitaji mzingo wa mita 4. Duara linahitaji mita 3.54. Pande nane zinahitaji mita 3.64. Umeshavuka zaidi ya robo tatu ya njia kutoka mraba hadi duara na hujapinda tofali hata moja.

Eneo la pande nane zilizo sawa, pima kutoka ukuta hadi ukuta unaotazamana nao, zidisha kipimo hicho kwa chenyewe, kisha kwa 0.83. Ukishapata eneo zidisha kwa kimo kama kawaida. Kila upande ni 0.414 ya kipimo hicho. Kwa mita zetu 27.7: ukuta hadi ukuta mita 2.60, kila upande mita 1.08, kina mita 1.92, ujazo mita 10.7 za ujazo. Ni lita 1,000 zaidi ya sanduku na lita 400 pungufu ya duara.

Kona zake zimefunguka, hazikunjiki kama za mraba, na kila ukuta ni mfupi, mita moja na kidogo, kwa hiyo hauna tumbo la kubenuka. Bado unahitaji nondo kwenye kila kona, na kona ni nane. Kuchora msingi pia kunataka uangalifu. Chora mraba kwanza, mita 2.60 kila upande. Pima kutoka kila pembe sentimita 76 kwa pande zote mbili, weka alama, unganisha alama ukizikata pembe. Umepata pande nane zilizo sawa. Fundi wa mtaani aliyezoea nyumba za vyumba viwili na ukumbi analifanya hili asubuhi moja, wakati duara lingemtoa jasho.

La bakuli

Shimo la mviringo chini ya ardhi, nusu tufe, kama bakuli la uji lililozikwa hadi mdomoni. Katika maeneo makavu ya Kenya, Kitui kwa mfano, yamejengwa matangi ya namna hii: unachimba, unapaka udongo lipu yenye waya, unafunika. Ardhi yenyewe ndiyo inayoshika ukuta, kwa hiyo nguvu za maji hazikutishi kama za tangi lililosimama juu.

Hesabu yake inakumbukika kwa namna nzuri sana. Chukua mcheduara ambao kimo chake kinalingana na nusu kipenyo. Bakuli linaloenea ndani yake linachukua theluthi mbili za ujazo wake. Umbo la koni lenye ncha, ambalo darasani huitwa pia, likienea ndani yake linachukua theluthi moja. Moja, mbili, tatu: pia, bakuli, mcheduara. Archimedes wa Sirakusa, mwanahisabati Mgiriki wa kale, ndiye aliyethibitisha kwamba tufe lote ni theluthi mbili ya mcheduara unaolizingira, kwa ujazo na hata kwa eneo la uso, akaona fahari kiasi cha kutaka michoro hiyo miwili iwekwe kwenye kaburi lake. Cicero, Mrumi, alilitafuta kaburi hilo mwaka 75 KK akalitambua kwa tufe na mcheduara vilivyochongwa juu yake, kaburi likiwa limezingirwa na vichaka.

Kwa mita zetu 27.7, mfuniko ukiwamo, bakuli linakuwa na nusu kipenyo cha mita 1.71 na ujazo wa mita 10.56 za ujazo. Limelishinda sanduku, limeshindwa na duara na hata na pande nane. Kinacholiangusha ni mfuniko: bakuli lina mdomo mpana kuliko yote, na zaidi ya mita 9 za mraba za kazi zinakwenda kufunika tu. Ungeweza kulijenga tufe zima, mpira uliofungwa, ungepata mita 13.7 za ujazo kwa eneo lilelile. Hakuna umbo linaloshinda hilo. Hakuna fundi wa kulijenga pia, nyumbani kwa tofali na mwiko.

Bakuli nalo ndilo lisilosamehe kipimo. Nusu kipenyo kinazidishwa mara tatu. Kosa la sentimita tano kwenye mita 1.71 linakupa asilimia tisa za uongo. Na chini ya ardhi kuna mambo ya kuangalia kabla ya hesabu yoyote: maji ya ardhini yako karibu kiasi gani, karo la choo liko wapi, mfuniko mtoto anaweza kuufungua? Nikiona karo liko upande wa juu wa mteremko na bakuli upande wa chini, kwangu mazungumzo yameishia hapo.

Yanayofuata njiani

Ukijenga tangi utanunua mchanga, na mchanga ukimwagwa unachukua umbo la pia, ile koni. Zungusha kamba chini ya lundo upate mzingo, gawa kwa 6.28 upate nusu kipenyo, halafu pai × nusu kipenyo × nusu kipenyo × kimo, gawa kwa 3. Lundo lenye mzingo wa mita 9.42 lina nusu kipenyo cha mita 1.5, likiwa na kimo cha mita 1, ni mita 2.36 za ujazo. Macho yanaliona kubwa zaidi ya hapo kila mara, kwa sababu macho yanasahau ile theluthi.

Shimo lenye kingo zilizolala, kama lambo la shambani, nalo lina hesabu yake. Juu mita 8 kwa 8, chini mita 4 kwa 4, kina mita 2.5. Anayechimba akikudai kwa 8 × 8 × 2.5 anakudai mita 160 za ujazo. Hesabu sahihi ni eneo la juu, 64, jumlisha eneo la chini, 16, jumlisha upande wa juu mara upande wa chini, 32. Zidisha jumla kwa kina, gawa kwa 3. Inatoka 93.3. Umeokoa malipo ya mita 66 za udongo ambao haukuchimbwa na mtu. Kanuni hii si ya jana. Katika mafunjo ya Kimisri yaliyoko Moscow, ya takriban mwaka 1850 KK, kuna swali la piramidi iliyokatwa kichwa, upande wa chini 4, wa juu 2, kimo 6, na mwandishi amefika kwenye jibu sahihi la 56.

Njia ya mkato ya kuchukua wastani wa upande wa juu na wa chini, kisha kuhesabu kama sanduku, hukupa 54 kwa lile la Misri na 90 kwa lambo. Kwa lambo ni tofauti ya mita tatu za ujazo na zaidi, usiikubali. Kwa ndoo, ikubali. Ndoo yangu ina kipenyo cha sentimita 32 mdomoni, 26 kitakoni, kina 30. Kwa kanuni kamili ni lita 19.9, kwa wastani lita 19.8. Tofauti haijazi kikombe cha kahawa ya barazani.

Sasa uchague

Jiulize kwanza ni kitu gani kwako ni haba.

Kama haba ni kiwanja, jenga sanduku na usisikilize mtu. Duara ndani ya mraba linaacha pembe nne tupu. Kwenye nafasi ya mita 2.65 kwa 2.65 sanduku linapata sakafu ya mita 7.02 za mraba, duara 5.5 tu. Weka pesa ya ziada kwenye nondo za kona.

Kama haba ni saruji, na una fundi aliyewahi kujenga duara, tena umeliona kwa macho yako likiwa limejaa maji, basi jenga duara. Kwa lita zilezile hakuna umbo la kujengeka litakalokugharimu pungufu. Kama una pesa ya kawaida na fundi wa kawaida, ambayo ndiyo hali ya wengi wetu, pande nane. Bakuli ningelishauri kwa shamba lenye udongo mgumu, mbali na nyumba, kwa ajili ya mifugo au bustani, na pale unapotaka maji mengi sana kiasi kwamba kuta za kusimama juu zingekuwa ghali.

Na kwa umbo lolote, mkubaliane lita za kutoka kwenye koki hadi kwenye bomba la kumwagia, kwa vipimo vya ndani, na ziandikwe kabla ya malipo ya kwanza. Namba tatu za karatasini ndizo zilizomkausha mama mdogo, wala si ukame.

Yeye hakutaka kubomoa. Tuliketi chini ya mwembe na kipande cha chaki. Siku 122 mara lita 120 ni 14,640. Alizonazo ni 9,116. Pengo ni lita 5,524. Upande wa jikoni kuna nafasi, na shemeji ana fundi aliyejenga tangi la duara shuleni ambalo nimeliona. Nusu kipenyo mita 1, kina mita 1.9, koki sentimita 10 kutoka chini: 3.14 × 1 × 1 × 1.8 ni mita 5.65 za ujazo, lita 5,650. Zinazidi pengo kwa lita 126, siku moja. Paa lake ni mita 80 za mraba. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na ukikata moja ya tano inayopotea kwenye mifereji na ile ya kusafishia paa, kila milimita inampa lita 64. Kujaza yote mawili kunahitaji milimita 245 hivi kwa jumla, na masika ya Pwani kwa kawaida hupita hapo.

Fundi alikuja Jumatatu. Akapigilia kigingi, akafunga kamba, akamkabidhi mama mdogo ncha ya pili ashikilie wakati yeye anapima.

"Mita moja, mama," akasema.

"Hiyo mita moja ni ya ndani au ya nje?"

Fundi akamtazama, akaachia kamba, akaongeza sentimita kumi na saba na nusu, ndipo akaanza kuzungusha duara kwenye vumbi.